Waya wa Chumba cha Zakari

Sakania, 11 Februari 2024

Mjomba Asani,

Asalaam aleikum. Barua hii ikukute mzima, wewe na mama Zakari, na goti lake liwe limepoa. Huku mvua imekula nusu ya barabara ya soko, na vitunguu vyangu vimeoza kabla ya kuvuka mpaka. Mume wangu Jamali anawasalimu, yaani nilipomwambia nitawasalimu kwa niaba yake hakukataa.

Utashangaa naandika badala ya kupiga simu. Simu nimeizima na kuifungia sandukuni chini ya vitenge. Sababu ya kuifungia ndiyo habari yenyewe.

Mwanangu Chadia anaanguka. Mara ya kwanza ilikuwa kituoni, treni ilipopiga honi nyuma yake. Alishuka chini kama nguo iliyoteleza kwenye kamba, akazinduka akiuliza nani amemsukuma. Watu wakacheka. Mara ya pili simu yangu ililia asubuhi karibu na sikio lake, na safari hiyo hakuna aliyecheka, maana macho yaligeuka na kifua kikanyamaza. Zahanati walisema malaria imepanda kichwani, wakamtundikia kinini. Kinini ikiwa bado inadondoka akazimia tena, na tena, bila kelele yoyote.

Jirani yangu mama Kalaba anasema, "Ule mutoto iko na jini, na jini yake haipendake makelele." Shehe amemsomea. Jini likasikiliza kwa adabu, likabaki palepale.

Wewe umefundisha mambo ya mwili shule ya sekondari maisha yako yote. Niambie hiki ni nini. Ana miaka kumi na minne na sina mwingine. Kunda wa lori ndiye anayeleta barua hii. Mpe chakula, atasubiri jibu.

Mpwa wako, Amida


Ruashi, Lubumbashi, 25 Februari 2024

Mwanangu Amida,

Waaleikum salaam. Tupo. Goti la mama Zakari linatabiri mvua kuliko redio ya mji, na mvua imetusaidia, vumbi la mgodi limelala. Kunda yuko uani anakula bukari na sombe. Ameniambia, "Mwalimu, andika barua, usiandike kitabu." Nitajaribu.

Moyo una umeme wake. Sisemi kwa mfano. Ni umeme kweli, mdogo sana, unaopita kwenye nyama ya moyo na kuiambia ijikaze. Ukishapita, moyo hauna budi kujitengeneza upya kabla ya pigo linalofuata. Wewe unakaa karibu na reli, kwa hiyo utanielewa upesi. Njia ni moja. Treni ikishaingia, nyingine hairuhusiwi mpaka ya kwanza ifike na ishara irudishwe. Wapo watu ambao mioyo yao huchelewa kidogo kurudisha ishara. Siku nyingi hakuna kinachotokea, wanacheza na kubeba maji kama wengine. Lakini mtu akishtushwa ghafla, kwa honi, kwa kengele, pigo jingine linaweza kuingia njiani kabla ya wakati. Hapo moyo hautwangi tena, unatetemeka tu, damu haifiki kichwani, na mtu anaanguka. Mara nyingi hujirekebisha wenyewe.

Kuna dawa zinazozidi kuichelewesha ishara hiyo, na kinini ni mojawapo. Akipata malaria waambie kwanza kwamba huzimia, kwa sababu dawa nyingine zipo. Umwangalie pia akiharisha au akitapika sana, maana mwili ukipoteza chumvi zake moyo huyumba zaidi.

Mimi ni mwalimu, si dokta. Ninaweza kuwa nimekosea. Njia ya kujua ni kipimo cha moyo, kile watu wanachokiita elektro: unalala, wanakubandika nyaya kifuani, mashine inachora mapigo kwenye karatasi. Hakichomi, hakikati. Ikionekana ndivyo, kuna vidonge vya kila siku vinavyoutuliza moyo, na wengi wanaovimeza wanazeeka. Mlete Chadia huku. Msikae mkisubiri aanguke tena.

Nimeandika kitabu. Kunda amesinzia.

Mjomba wako, Asani


Sakania, 14 Aprili 2024

Mjomba,

Idi imepita, Mungu apokee funga zetu. Nilipata barua yako kabla ya Ramadhani, na nimechelewesha jibu kwa makusudi. Sikutaka kujibu mambo haya nikiwa nimefunga.

Niliisoma kwa sauti siku ya Idi, Jamali akiwapo. Nilipofika kwenye umeme aliweka kikombe chini.

"Mujomba yako anarudilia tena mambo ya courant?" akaniuliza.

"Anaongea juu ya roho ya mutoto, baba Chadia."

"Courant njo courant," akasema, akatoka, na pilau ya Idi ikapoa.

Sasa nikukumbushe jambo, maana katika kurasa zako tatu umeandika honi, umeandika kengele. Hukuandika redio.

Siku ile mwanao Zakari alikuwa amerudi kutoka shule, amejilaza mchana, redio yake imeachwa wazi kwa sababu courant ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Courant iliporudi, redio ililipuka kwa sauti hata mimi jikoni nikaangusha mwiko. Tukamkuta amekufa. Nyumba yenu ilikuwa mpya, na aliyefunga waya wake alikuwa Jamali. Kabla maiti haijaoshwa mtaa mzima ulishasema umeme umempiga. Na wewe, kwenye mkeka wa matanga, ulimshika mkono mbele ya watu wote ukasema, "Jamali, mwanangu, nimekusamehe." Watu walilia kwa uzuri wa neno lile.

Tangu siku hiyo hajashika waya. Fundi aliyekuwa akiitwa mpaka Kasapa kufunga umeme kwenye nyumba za maprofesa, leo anauza sabuni kwenye mpaka. Hawezi kuja Lubumbashi. Na Chadia akipimwa, karatasi ikisema ni mgonjwa, nani atamwoa?

Mama Zakari nimemwekea samaki wakavu kwa Kunda.

Amida


Ruashi, 19 Mei 2024

Mwanangu Amida,

Samaki wamefika, mama Zakari amewaficha nisiwamalize. Baridi imeanza, asubuhi maji ya kutawadha yanauma mifupa. Silali vizuri siku hizi. Nazunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza miwani, na miwani iko puani.

Habari za Zakari tulimwachia Mungu.

Umeuliza nani atamwoa Chadia. Nitakujibu kwa kukueleza ugonjwa wa namna hii hupitaje, maana watu wakikosa maelezo wanajitungia jini. Ndani ya mwili kuna maagizo yanayosema kila kitu kijengwe vipi, rangi ya jicho, umbo la sikio, hata vijilango vinavyopitisha umeme wa moyo. Agizo moja tunaliita jeni. Kila mtu ana nakala mbili za agizo hilo, moja kapewa na baba, moja na mama. Naye akizaa, humpa mtoto nakala moja tu kati ya mbili zake, na hachagui. Katika ugonjwa ninaoufikiria, nakala moja yenye kasoro inatosha. Kwa hiyo kila mtoto anayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, na kupona kwa mkubwa hakumlindi mdogo. Hakuna dhambi hapo, wala kijicho cha mtu.

Jambo gumu kulielewa ni hili: mtu anaweza kuwa nayo asizimie hata siku moja, akazeeka nayo, akamrithisha mtoto. Ndiyo maana nawe Amida inafaa upimwe.

Unaijua hadithi ya mama yangu, bibi yako. Siku ya arusi ya mama yako kule Kasongo, bibi harusi alipotoka nje vigelegele vilipasuka nyuma ya mgongo wa mama yangu, naye akaanguka hapohapo. Sisi tumekuwa tukijisifu kwamba Bi Chadia alikufa kwa furaha. Nimeisimulia mwenyewe kwenye arusi nyingi. Mtoto wako tukampa jina lake. Sasa nachora hivi: Bi Chadia, kisha dada yangu Djamila mama yako, Mungu amrehemu, aliyekufa kwa ini bila kuzimia hata mara moja, kisha wewe, kisha Chadia. Unaiona njia?

Mchumba mwenye akili atapenda mke anayemeza kidonge kuliko mke anayezikwa. Mlete.

Asani


Sakania, 30 Juni 2024

Mjomba,

Salamu kwa wote. Sisi wazima, ila mmoja.

Nimeuangalia mti wako wa ukoo. Nimemwonyesha Chadia pia, maana yeye ana akili ya kuchora. Akaniuliza, "Mama, bibi Chadia alizala mutoto moya tu?" Nikamwambia, hapana, alizaa wawili. Akaniuliza yule wa pili yuko wapi kwenye karatasi. Nikamwambia yule wa pili ndiye mwenye kalamu.

Kwa hiyo nakuuliza alivyoniuliza mtoto. Wewe umepimwa?

Nyumba yetu haina taa ila ile ya jua ya kuning'iniza. Majirani wamevuta umeme, sisi hatujavuta. Juzi Chadia alimwomba babake angalau afunge balbu moja aweze kusoma. "Fil iliuwa muntu," Jamali akamjibu, yaani ule waya wa kwenu. Mtoto akasema, "Papa, labda haikuwa fil." Jamali akaenda kuhesabu sabuni ambazo alishazihesabu.

Umenieleza kila kitu. Najua kueleza ni raha yako na nakushukuru. Lakini siwezi kumlaza mwanangu kwenye kitanda ambacho wewe mwenyewe unakiogopa. Lala wewe kwanza. Nikiona karatasi yako, nitamleta Chadia hata kama Jamali atanikasirikia.

Amida


Ruashi, 25 Agosti 2024

Mwanangu,

Unisamehe ukimya. Lori la Kunda lilikufa gia, kisha kukawa na msiba jirani, kisha vumbi likanishika kifua. Jakaranda za mjini zinajiandaa kuchanua. Mama Zakari anakusalimu na kusema anawataka.

Nilikwenda hospitali siku ya Jumatatu. Foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na kazi nyumbani, nikarudi.

Kuhusu kipimo chenyewe, ujue kwamba karatasi nzuri haimalizi maneno. Mtu anaweza kuwa na jeni na mapigo yake yakaonekana ya kawaida siku hiyo. Kipimo cha damu kinachoisoma jeni yenyewe hupelekwa nchi za nje, na majibu hukawia. Kwa hiyo usifikirie kwamba karatasi ya mzee mmoja itakuambia lolote la hakika.

Mwambie Chadia asikae karibu na reli.

Asani


Sakania, 15 Septemba 2024

Mjomba,

Shuleni mtoto mmoja aliangusha mfuniko wa sufuria kwenye saruji. Chadia alianguka na hakurudi upesi. Alipelekwa zahanati akiwa amebebwa juu ya ubao wa mlango. Muuguzi alimkandamiza kifua mpaka akapumua. Mbavu zinamuuma, ila anaongea.

Jamali ameanza kutembea bila viatu ndani ya nyumba. Mama Kalaba ametufungia jogoo wake asiwike.

Sikuombi maelezo mengine.

Amida


Ruashi, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Amida,

Barua yako ilinikuta nakunywa chai. Niliisoma, nikampa mama Zakari. Akaisoma, akaenda ndani, akarudi na koti langu. "Weye unapimaka bantu yote na kinywa," aliniambia. "Leo utapimwa na masini." Akanifuata mpaka mlangoni mwa hospitali, na goti lake lile, akakaa kwenye benchi ili nisione njia ya kurudi.

Aliyenipima anaitwa Lydie. Nilimfundisha zamani, alikuwa mvivu wa kuchora moyo. Alinitambua nikiwa nimevua shati, na hapo ndipo mwalimu hana heshima tena. "Lala, Mwalimu," akasema. "Leo iko zamu yangu ya kukufundisha, na hapana kuuliza maulizo." Akanipaka mafuta ya baridi kifuani, akabandika nyaya zake. Nikaanza kumweleza mashine inavyofanya kazi. "Mwalimu, ukisema, kalamu inaruka," akasema. Nikanyamaza. Sijui ni lini nimenyamaza vile.

Karatasi ilipotoka sikumsubiri dokta. Nimefundisha mchoro ule maisha yangu yote, kilima kidogo, mlima, kisha kilima cha kupumzika. Kilima changu cha kupumzika kiko mbali sana na mlima. Dokta alikuja akapima kwa rula, akapima tena, akaniuliza kama katika ukoo kuna kijana aliyekufa ghafla. Nikasema, ndiyo. Mwanangu.

Sasa nitakuandikia niliyoyakimbia tangu Februari. Mimi ndiye niliyeingia kwanza chumbani siku ile. Redio ilikuwa mezani karibu na dirisha, Zakari alikuwa kitandani na mikono yake chini ya shavu. Hakuwa na alama ya kuungua hata ncha ya kidole. Jamali alifungua sanduku la fyuzi akasema fyuzi ni nzima, na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu msiba unataka jibu haraka. Aliyezikwa hapimwi, siwezi kukuapia. Lakini kijana mwenye damu yangu, aliyekuwa usingizini, akalipukiwa na redio: mwanafunzi angeniletea hesabu hiyo ningempa alama zote. Ulipoandika honi na simu nilijua. Kama waya ulikuwa mzima, basi kilichomuua Zakari kilitoka kwa mama yangu kikapita kwangu. Ni rahisi kuieleza nusu kwa nusu kwa mtoto wa dada yako. Kwa wako inakataa kutoka mdomoni.

Nilimsamehe Jamali mbele ya watu wote. Nilimsamehe mtu ambaye hakukosa, na msamaha ule umemkalia kuliko matusi. Mambo ya Mungu namwachia Mungu. Haya ni yangu. Msomee maneno haya, au mpe ayasome mwenyewe: Jamali, waya wako ulikuwa mzima.

Karatasi yangu nimeikunja humu, umpe Chadia aitazame. Mimi nimeanza vidonge. Njoni wote wawili, wewe na mtoto, dokta anawataka pamoja. Mwambie muuguzi wenu aandike jina la kila dawa aliyompa. Mje kwa gari la Kunda, na Kunda ameapa hatapiga honi hata mbele ya ng'ombe.

Na Jamali aje na koleo na bisibisi zake. Chumba cha Zakari nilikikatia umeme siku ya arobaini, na tangu hapo tunaingia na tochi. Ndicho chumba mtakacholala. Sitaki fundi mwingine akiguse.

Asani


Sakania, 13 Oktoba 2024

Mjomba,

Asalaam aleikum, wewe na mama Zakari na benchi lake.

Nilimpa Jamali barua, sikumsomea. Alikwenda nayo nyuma ya nyumba. Aliporudi aliniuliza swali moja tu, kama uliandika kwa mkono wako mwenyewe au uliandikiwa. Nikamwambia ni mkono wako, hata mkia wa herufi zako anaujua. Akakaa. Halafu akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku la vyombo. Koleo lilikuwa limeshika kutu. Amelisugua kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka mikono yake ikanuka nyumba nzima, na hakuna aliyelalamika.

Tunakuja Jumatano, sote watatu. Amekwisha kuniuliza dari ya chumba kile ni ya mbao au ya bati.

Chadia ameibandika karatasi yako ukutani. Anasema moyo wako unaandika vibaya kuliko mkono wako. Mchana anacheka, ila jioni ananiuliza kama mashine ile inauma. Nimemwambia nitamuuliza aliyelala.

Amida


Ruashi, 14 Oktoba 2024

Kunda anageuza lori leo hii, kwa hiyo salamu nitazitoa mkifika.

Mwambie haiumi. Ni baridi kidogo pale mwanzo, na ni vigumu kunyamaza. Nitakuwa nimekaa karibu yake.

Babu yake, Asani